Maswali ya wasomaji: Simu, kishikwambi na watoto wa chekechea huku kwetu Kusini

Wasomaji wangu, tangu minada ya korosho ianze barua zimekuwa nyingi mpaka nimeshindwa kuzijibu moja moja, na karibu zote zinauliza jambo moja, mtoto mdogo na simu. Naelewa kwa nini. Huku kwetu hela ya korosho ikiingia vinaonekana bati, pikipiki na simu mpya, alafu ile simu ya zamani inashuka kwa watoto. Leo nimechukua barua nne. Mimi nilifundisha darasa la awali miaka mingi Lindi kabla sijaanza ukurasa huu, kwa hiyo mengine nitakayosema nimeyasoma na mengine nimeyaona mwenyewe nikiwa nimekaa mkekani na watoto.

*Dada shikamoo. Nina mtoto mmoja wa kiume, miaka miwili na miezi minane, tunaishi Magomeni hapa Mtwara mjini. Hali mpaka nimwekee katuni, nikizima analia mpaka anatapika. Katuni zenyewe za Kiingereza, anajua blu, anajua grini, anahesabu wani mpaka teni, majirani wanasema huyu atakuwa na akili sana. Ila mimi naona haongei. Akitaka maji ananivuta mkono mpaka kwenye ndoo. Baba yake yuko melini, anapiga simu ya video kila Jumapili. Nimnyang'anye simu? (Mama wa Magomeni)*

Marahaba mdogo wangu. Hilo la kuvutwa mkono mpaka kwenye ndoo ndo barua yako nzima, na nashukuru umeliona mwenyewe wakati majirani wanasifia grini. Kujua grini si kuongea. Kuongea ni mtoto anataka kitu, anakuangalia, anatoa sauti, we unamjibu, naye anarudisha tena. Katuni haimjibu, akisema vizuri haifurahi, akikosea haimrekebishi, yenyewe inaenda tu na mwendo wake awe anasikiliza au kalala.

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle kule Marekani, walitoa matokeo ya utafiti wao kwa watoto wa miezi tisa wa nyumba zinazoongea Kiingereza. Kundi moja lilichezeshwa na kusomewa vitabu na mtu anayeongea Kichina, amekaa nao palepale chini, kundi lingine likaonyeshwa watu haohao na vitabu vilevile kwenye tivii, na wengine wakasikilizishwa sauti tu. Waliocheza na mtu mwenyewe wakaanza kuzitofautisha sauti za Kichina. Wale wa tivii na wale wa sauti hawakuambulia kitu! Hiyo ndo sababu mwanao ana maneno ya kwenye simu mdomoni lakini hajui kukwambia nipe maji.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa chini ya mwaka 1 asikalishwe kabisa mbele ya skrini, wa mwaka mmoja pia hapana, na kuanzia miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua ndo vizuri zaidi. Na hawakuishia kwenye skrini, wanataka mtoto wa umri huo achezecheze kwa siku dakika zisizopungua 180, na akifika miaka 3 alale masaa 10 mpaka 13 ukihesabu na usingizi wa mchana.

Usimnyang'anye kwa siku moja, mtachoka wote wawili na jioni utamrudishia. Anza na mlo mmoja, uji wa asubuhi, na kalieni nje mlangoni, siyo pale kwenye kochi alipozoea katuni, simu ibaki ndani imezimwa. Mpe kikombe chake na kijiko chake ashike mwenyewe, atamwaga, acha amwage. We ongea maneno machache ya kile anachokiona, uji, uji wa moto, tupulize, fuu, alafu nyamaza umwangalie usoni, hesabu moyoni mpaka kumi. Hapo kwenye kunyamaza ndo wazazi wengi tunashindwa, tunawahi kujaza. Akitoa sauti yoyote mjibu kama vile kasema neno zima. Na akikuvuta mkono kwenye ndoo nenda naye, shika kikombe, sema maji, unataka maji, ngoja kidogo, akisema hata "ma" tu mpe na ufurahi. Siku tatu za kwanza zitakuwa ngumu, wiki ya pili utaona anakuja mwenyewe mlangoni na kikombe.

Simu ya baba yake Jumapili iacheni, tena muiongeze mkiweza, maana baba anamjibu, anamwita jina, anamuuliza kiatu kiko wapi naye anakileta kuonyesha. Skrini ni ileile ila kuna mtu ndani yake.

Kingine nakuomba usikiahirishe, mpeleke kliniki wakamwangalie masikio. Mtoto akifika miaka miwili hivi tunategemea awe anaunganisha maneno mawili, mama njoo, baba kaenda. Wako kapita hapo kwa miezi minane. Inawezekana ni simu tu, inawezekana hasikii vizuri, na huwezi kujua kwa kukisia. Ukiambiwa watoto wa kiume huwa wanachelewa usiridhike nalo, nenda.

*Mwalimu mwenzangu, nafundisha awali kijiji kimoja wilaya ya Nachingwea, darasa lina watoto 94. Nyumbani wengi wanaongea Kimwera, Kiswahili wanakielewa ila kujibu wanaogopa. Nina kishikwambi, vile tulivyopewa walimu baada ya sensa ya 2022, na mwalimu mkuu anasisitiza TEHAMA itumike darasani. Nikikiinua wanaona nane wa mbele, waliobaki wanasimama wanakanyagana, somo linaishia hapo. Projekta hamna, umeme upo ila unakatika. Nifanyeje? (Mwalimu wa awali)*

Mwalimu, kiwango kilichowekwa ni mtoto 25 kwa mwalimu mmoja na wewe una karibu mara nne ya hapo, kwa hiyo kwanza pole na kazi, na usikubali mtu akwambie shida ni wewe hujui TEHAMA.

Acha kukiinua. Picha ya kishikwambi haiwezi kutosha watoto 94 hata ufanyeje, ila sauti inatosha. Tafuta kaspika kadogo ka kuchaji, kamati ya shule ikishindwa azima hata kwa kijana wa bodaboda, wanazo siku hizi. Alafu asubuhi moja kabla ya kengele pita kijijini na hicho kishikwambi urekodi sauti, kila moja sekunde kumi hivi. Jogoo. Kinu na mchi. Bodaboda inapanda kilima. Maji yanaingia kwenye ndoo tupu. Mvua kwenye bati ukibahatika. Rimu ya gari inayogongwa kuwaita watoto darasani. Watoto wamekaa chini we unawawekea moja, unazima, unauliza nini hicho?

Mimi nilifanya hivi nikiwa na simu ya kawaida tu. Kulikuwa na binti mmoja tangu Januari hajafungua mdomo, akiulizwa anainama anashika pindo la sketi. Siku hiyo nikaweka sauti ya kinu. Akasimama. Hakusema kitu kwanza, alianza kutwanga na mikono, juu chini, juu chini, anainamisha na kiuno kama bibi yake, darasa zima limemgeukia, alafu akatamka jina la kinu kwa Kimwera kwa sauti kubwa kabisa. Wenzake wakaitikia kinu! kinu! kwa Kiswahili. Mimi sikumrekebisha, nikayasema yote mawili, la kwake kwanza na la Kiswahili likafuata, na watoto wote wakayasema na wote wakatwanga. Kuanzia wiki ile alikuwa anajibu. Mwalimu, mtoto akikujibu kwa Kimwera kakujibu, hajakosea, we mwekee la Kiswahili pembeni yake. Wengi wanaoonekana mabubu kwenye madarasa yetu wana maneno tele, wanaogopa tu kuchekwa.

Sasa picha. Darasa la awali linatakiwa liwe na kona za kujifunzia, basi kishikwambi kifanye kona moja. Wagawe makundi 12 ya watoto wanane wanane, mawili yatakuwa na saba, kila siku makundi mawili au matatu yapite kwenye hiyo kona dakika kumi na tano, ikifika Ijumaa kila mtoto kashika. Wengine wawe kwenye kona nyingine na zana zako za kufaragua, visoda vya kuhesabia, vijiti, makopo, udongo wa kufinyanga, kokwa za embe. (Korosho mbichi zenye ganda usiwape wahesabie, najua ndo zimejaa kila nyumba, ila mafuta ya ganda yanaunguza ngozi na watoto wanaweka kila kitu mdomoni.) Mzazi mmoja wa zamu akija kukaa kwenye kona ya udongo unapata nafasi ya kukaa na wale wanane, maana kona ya kishikwambi bila mtu mzima inageuka ya kugombania.

Na kwenye kishikwambi usikimbilie programu, kamera ndo mali. Piga picha sita za watoto wenyewe, anachukua ndoo, anakwenda kisimani, anasubiri foleni, anajaza, anajitwisha, anafika nyumbani. Kaa na kundi waziangalie, wakwambie ipi ya kwanza ipi inafuata na kwa nini, wabishane, alafu mmoja asimulie we unarekodi na wote wasikilize. Mtoto kusikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye mashine atataka kusema tena, na mara ya pili anasema sentensi ndefu zaidi. Hapo una lugha, una mpangilio wa matukio, una namba, na hujatumia bando hata kidogo.

Hadithi zilizoandikwa zipo pia. African Storybook ya Afrika Kusini wana vitabu vya picha vya watoto, vya Kiswahili vimo, bure, unapakua unakaa navyo. Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Na Ubongo, shirika la Dar es Salaam lililoanza 2013, wanatengeneza katuni za kufundishia za Kiswahili, watoto wa kwenye katuni wanafanana na wetu. Ukienda Nachingwea mjini au Masasi ambako mtandao umekaa vizuri pakua vyote siku hiyohiyo, usitegemee kufungua intaneti darasani. Na kila somo liandae kwanza kana kwamba umeme haupo, alafu ongeza kishikwambi juu, ili siku kikizima watoto wasikae bure.

Kitumie na kwa ajili yako mwenyewe. Kiwashe kirekodi dakika kumi za somo, jioni ukae usikilize nani alikuwa anaongea. Mimi nilipojisikiliza mara ya kwanza niliumia, nilikuwa nauliza swali na kulijibu mwenyewe kabla mtoto hajavuta pumzi. Sikiliza pia unavyotamka sauti za herufi, b itamkwe sauti yake na siyo "be", maana mtoto aliyefundishwa "be" na "a" akiunganisha hapati ba, anapata "bea", na darasa la kwanza anafika amechanganyikiwa.

Moja la mwisho mwalimu, picha na sauti za watoto zisitoke kwenye hicho kishikwambi kwenda stetasi wala magrupu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, mtoto wa watu ni mtoto wa watu. Waambie wazazi kwenye kikao unachofanya, wasikilizishe, uwaombe ruhusa.

*Habari, mimi ni baba wa watoto watatu, Tandahimba. Korosho mwaka huu zimenilipa namshukuru Mungu. Nataka kumnunulia binti yangu wa miaka minne tablet, mwenye duka anasema ina programu za elimu elfu moja, anataka laki tatu. Wenzangu wananiambia napoteza hela. (Baba wa Tandahimba)*

Salama kaka, na hongera, wengi hela ya korosho haifiki kwa mtoto wa kike wa miaka minne.

Hizo programu elfu moja zisikuvute, mtoto anahitaji nne tano nzuri. Nikupe mfano wa hapahapa nchini. Kulikuwa na shindano la Global Learning XPRIZE, la watengenezaji wa programu za kumfundisha mtoto kusoma, zawadi dola milioni 15, majaribio yakafanyika vijijini mkoa wa Tanga kwa miezi 15 mpaka 2019, vijiji kama 170 na watoto karibu 3,000, wengi hawajawahi kukanyaga shule. Walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, kila kijiji kikawekewa sehemu ya kuchaji kwa sola. Kabla ya kuanza zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili, mwisho wake idadi hiyo ikapungua kwa nusu, na washindi wakawa wawili, Kitkit School na onebillion. Kwa hiyo mtu asikwambie tablet haifundishi kabisa. Ila angalia ilikuwaje, kila kitu kilikuwa Kiswahili, kimetengenezwa kwa ajili ya watoto wale, na watoto wenyewe walikuwa wakubwa kuliko binti yako na walikuwa hawana mwalimu. Wako ana miaka minne, ana wewe, ana mama yake, na mwakani anaingia awali.

Na Uswidi, nchi yenye hela ya kumpa kila mtoto tablet mbili, serikali yao mwaka 2023 ilitangaza kuondoa lazima ya chekechea kutumia vifaa vya kidijitali, wakarudi kusisitiza vitabu.

Ningekuwa wewe nisingenunua. Ningetumia simu yako hiyohiyo nusu saa jioni ukiwa umempakata, mnaangalia hadithi moja ya Kiswahili, mnasimamisha katikati, unamuuliza unafikiri atafanya nini huyu? Hela nyingine nunua vitabu vya picha, kalamu za rangi, daftari kubwa lisilo na mistari, na mkasi wa watoto usio na ncha, mkono wa miaka minne unatakiwa ukate na uchore kabla haujashika penseli ya kuandikia. Ukinunua kwa vyovyote, basi ijaribu palepale dukani bando limezimwa, uone kama bado inafanya kazi, kama inaongea Kiswahili, kama matangazo hayamrukii usoni, na kama inamtaka mtoto afanye au aseme kitu badala ya kutazama tu. Kwenye mipangilio ya usalama simu na tablet nyingi za Android zina sehemu ya kubana programu moja mtoto asiweze kutoka kwenda kwingine, mwambie kijana wa dukani akuonyeshe kabla hujalipa. Na isiwe ya kumnyamazishia akilia.

*Mjukuu wangu ndiye ananiandikia hii. Mimi mzee wa Mikindani, nina kitochi na redio ya memori kadi. Wajukuu wanne wa chini ya miaka saba wako kwangu, wazazi wao wako mashambani. Wakubwa wanawapeleka kibanda umiza kuangalia mapigano. Ninazo hadithi lakini kifua kinanibana, siwezi kusimulia kila usiku. Hivi vifaa vyangu vina faida yoyote kwao? (Babu)*

Shikamoo babu. Vina faida kubwa, na nimeweka barua yako mwisho kwa sababu jibu lake linawahusu na wengine wote hapo juu.

Siku kifua kimetulia mwambie huyo mjukuu anayekuandikia arekodi hadithi moja, kitochi chako kama hakina kirekodi atumie simu yake. Ila usisimulie mfululizo. Kule Zanzibar miaka ya 2000 walikuwa na vipindi vya redio vya watoto wa maandalizi, mtangazaji anauliza swali alafu ananyamaza, watoto wanajibu, anasema simameni rukeni mara tatu, ananyamaza, wanaruka. Hakuwa anawasikia lakini nafasi aliwaachia. Nawe fanya hivyohivyo. Anza paukwa, nyamaza waitikie pakawa. Sungura akapita wapi? Nyamaza hesabu mpaka tano. Fisi akalia vipi? Nyamaza, utawasikia wenyewe wanalia. Dakika saba nane zinatosha kwa wadogo, na wimbo wa kwenye hadithi uimbe mara mbili ili mara ya pili wauimbe wao.

Sauti ikiingia kwenye memori kadi redio itafanya kazi usiku unaopumzika, we uko pembeni umekaa nao, wakijibu unaitikia kwa kichwa, hapo hutumii kifua. Waambie na wakubwa wakae, nao watataka kusikia sauti yao, hadithi ya pili wao ndo waigize fisi na sungura kwenye kurekodi, na muda wa kibanda umiza utapungua bila kugombana nao.

Na kama hutajali babu, mwambie mjukuu anitumie nakala. Yule mwalimu wa Nachingwea anatafuta kitu cha kusikilizisha watoto 94.